Juu Jiwe, Chini Maji

Mtoto wa mgeni alikuwa amechuchumaa pembeni ya dimbwi, ana kijiti mkononi, anasukuma kizibo cha soda kinaelea kama boti. Mama yake yuko barazani anamalizia chai. Mi nilikuwa jikoni napara sato wa mchana, nikanyanyua macho dirishani nikamuona, moyo ukanipasuka maana yale maji nayajua. Juu yana utando wa kijivu unaong'aa ng'aa, pembeni povu limeganda, na kwenye nyasi kulikuwa kumenasa karatasi nyeupe iliyolowa, ambayo mtu yeyote aliyewahi kuishi na choo kinachofurika hahitaji kuinama ndo aitambue. Nikaweka kisu, nikatoka mbio, nikamshika mkono, njoo huku baba, njoo tukanawe na sabuni.

Mama yake akaniuliza kwa upole kabisa, "Dada, hayo ni maji ya mvua eti?"

Nikamjibu ndiyo, ya mvua, jana imenyesha sana.

Nilimdanganya. Ilikuwa mwezi wa nne na mvua kweli ilikuwa imenyesha usiku kucha, lakini yale yalikuwa majitaka, na nilijua ni majitaka wakati mdomo wangu unasema mvua. Wakaondoka kesho yake kwenda Serengeti kupitia geti la Ndabaka, wakanishukuru kwa samaki, mtoto akanipungia mkono. Sijui kama aliumwa tumbo njiani. Hilo swali limenikaa miezi yote hii na ndo limenifanya nikae chini niandike, maana nikiangalia naona mji wetu wote tunajibu hivyo hivyo. Kila masika dimbwi likitokea tunasema mvua, mtaro ukifurika tunasema mvua, yaani mvua imebebeshwa kila kitu ambacho kimetoka chooni kwetu.

Kwa wasiojua, nina gesti ndogo ya vyumba sita Kirumba, Mwanza, na mgahawa wa samaki pale mbele. Wageni wanakuja kwa ajili ya ziwa. Wanataka kuona jua linazama nyuma ya mawe, wanataka kupiga picha na Jiwe la Bismarck, wengine wanavuka na boti kwenda Saanane waone swala na pimbi kwenye ile hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote nchini. Sisi wa huku ufukweni maji ndo chakula chetu, ndo mtaji, ndo picha inayowekwa kwenye tangazo. Sasa fikiria maji hayo hayo yakianza kunuka.

Kitu cha kwanza nilichofanya baada ya lile tukio ni kutafuta wa kumlaumu, na sikwenda mbali, niliangalia juu. Nyuma yetu kuna kilima, kile cha mawe na nyumba zimebanana mpaka juu kabisa, na mvua ikinyesha kila kitu kinateremka kuja kwetu. Nikamfuata mwenyekiti wa mtaa asubuhi na mapema, shikamoo mwenyekiti, marahaba mama, nikamwambia hawa watu wa juu wanatapisha vyoo, twende ukawaone. Akanisikiliza, akavaa gambuti, tukapanda.

Kutapisha, kwa mliokulia sehemu zenye laini ya majitaka, ni hivi: choo kikijaa na hela ya gari la kunyonya haipo, unasubiri mvua kubwa, ikiwezekana usiku, unatoboa tundu chini kwenye ukuta wa shimo upande wa bondeni au unatoa jiwe ulilolizibia, mavi yanatoka yanaondoka na mafuriko. Asubuhi mtaro umeoshwa na hamna ushahidi.

Tulipita njia ile nyembamba katikati ya nyumba, tukaona mengine ya kusikitisha kweli, kuna bomba la plastiki limetokeza kabisa ukutani linachuruzika kwenye jiwe, jiwe limeota ukijani. Mama mmoja alikuwa anafua pale pale jirani. Tukamsalimia, akatuangalia, akajua tumekuja kwa nini. Hakukana. Alisema tu, "Mwenyekiti, hapa tumechimba futi tatu tukakuta jiwe. Tungechimba wapi?"

Nilishuka nikiwa kimya na nikiwa na hasira bado. Nilikuwa naona nina haki.

Siku mbili baadaye nikamuita fundi bomba, mzee mmoja mtaratibu sana ambaye amezibua nusu ya chemba za huu mtaa. Nikamueleza yote, watu wa juu, mtaro, dimbwi. Akazunguka nyumba mara moja, akaangalia lile dimbwi muda mrefu, akaniuliza kama nina bluu ya kufulia. Nikampa pakiti. Akaichanganya na maji kwenye ndoo mpaka ikawa wino, akamimina yote kwenye choo cha chumba namba 4, akavuta maji mara tatu, akasema dada tukae, tunywe chai.

Tulikaa. Tulikunywa chai, tukaongea habari za bei ya simenti. Kama dakika arobaini hivi zikapita, akainuka akaniita. Kwenye kona ya dimbwi, pale nyasi zinapoanzia, kulikuwa na kamstari ka bluu kanatoka ardhini taratibu kama moshi, kanajikunja, kanasambaa kwenye yale maji ya kijivu.

Choo changu mwenyewe.

Fundi hakunisema. Alinieleza tu kama mtu anavyomueleza mwanae. Karo langu lilijengwa na mwenye nyumba aliyenitangulia, la tofali, chini halikupigwa zege, yaani lilitegemea maji yazame ardhini. Zamani ilifanya kazi. Nyumba ipo nje ya zile mita 60 kutoka ziwani zinazotakiwa na sheria ya mazingira ya mwaka 2004, nilizipima mwenyewe kwa kamba wakati nanunua. Lakini ziwa halikai pale ulipolipima. Mwaka 2020 lilipanda mpaka kipimo cha Jinja kule Uganda kikasoma mita 13.42, kikapita rekodi ya Mei 1964 ya mita 13.41, na 2024 likaja juu tena. Mnakumbuka zile bichi zilizomezwa, migahawa ikabaki paa na nguzo. Mi nilishukuru Mungu kwamba halikufika kwenye kuta zangu, sikujua kwamba kwa chini lilishafika. Ziwa likipanda na maji ya ardhini yanapanda nalo, karo linakuwa limekaa ndani ya maji kama kikombe chenye nyufa ndani ya beseni. Hayazami tena kwenda chini kwa sababu chini kumejaa. Yanatafuta pa kutokea, na palikuwa pale mtoto alipokuwa anachezea boti yake.

Kwa hiyo huo ndo mji wetu ulivyo, na fundi ndo alinipa maneno ambayo nimeyafanya kichwa cha habari: juu jiwe, chini maji. Ukijenga mlimani unakuta mwamba kabla hujafika kiunoni, shimo halina kina na maji hayana udongo wa kuzama, ukijenga bondeni unakuta maji na shimo linajaa kutokea chini hata kama hujalitumia. Mwanza tunajisifia mawe, tunajiita Rock City, lakini yale mawe ni graniti, hayanywi maji. Choo cha shimo ni kitu kizuri kabisa kijijini kwenye udongo mzuri na nyumba zimeachana. Ukikileta kwenye jiwe na nyumba zinagusana mabati, umejenga bakuli.

Hapa inabidi niseme kitu ambacho sijawahi kukiandika popote.

Nimekulia Mabatini, mtaa wa mlimani hapa hapa Mwanza. Nyumba yetu ilikuwa upande wa juu, vyumba viwili na sebule, tukiwa watu tisa, na choo kimoja tulichochangia na wapangaji wa nyumba ya pili. Nakumbuka usiku mmoja mvua inapiga bati mpaka hamsikilizani, baba akaamka, akavua shati, akachukua sururu nyuma ya mlango. Mama akamwambia kitu kwa Kisukuma, kwa sauti ya chini, sikukisikia. Alikaa nje muda mrefu. Aliporudi mama alikuwa ameshachemsha maji, baba akaoga nje gizani, mara mbili, na hakuna mtu aliyeuliza chochote. Asubuhi choo kilikuwa kimeshuka. Sisi watoto tulifurahi maana tulikuwa tumeambiwa tuwe tunavumilia mpaka shuleni.

Baba yangu alikuwa mtu msafi sana, kola ya shati lake ilikuwa inapigwa pasi kila siku, viatu vinang'aa. Naomba msomaji ulielewe hilo. Alikuwa anapata mshahara unaoisha tarehe 15, na gari la kunyonya hata kama angekuwa na hela lisingefika pale kwetu, njia ilikuwa ngazi za mawe, mpira wa kunyonyea una mwisho wake. Alifanya kile ambacho kila baba wa pale alikifanya. Na kilichotoka kwetu kiliteremka mtaroni, mtaro ukaingia Mto Mirongo, na Mirongo unapita katikati ya mji chini ya madaraja watu wanauza mitumba, unaingia ziwani. Kutoka unapoingilia mpaka Capri Point, ambako mji umevuta maji ya kunywa miaka na miaka, sio mbali hata kidogo.

Kwa hiyo siku ile nimepanda kilimani na mwenyekiti kuwanyooshea watu vidole, yule mama aliyekuwa anafua angekuwa mama yangu. Ningekuwa mimi yule mtoto aliyechungulia mlangoni.

Sasa tuongee kuhusu mabomba, maana naona kwenye makundi ya WhatsApp watu wanabishana kana kwamba tatizo ni tabia tu, eti tupigane faini. Faini iwepo sawa, lakini ukimpiga faini mtu ambaye hana pa kupeleka unampeleka tu kwenye mvua ya usiku zaidi.

Laini ya majitaka ya kawaida, ile ya kuchimba mtaro mrefu unaoenda chini na chini na chemba kubwa za kuingia mtu, haipandi kwenye mawe yetu, ungelipua mlima mzima. Kilichowezekana ni ile laini nyepesi, mabomba membamba yanalazwa juu juu, yanazunguka majabali, yanapita nyuma ya nyumba badala ya kufuata barabara, na vichemba vidogo vya kufungua kwa mkono. Brazil walianza hivyo mji wa Natal miaka ya 1980 kwenye mitaa ya watu wa hali ya chini. Hapa Mwanza yamelazwa kwenye baadhi ya mitaa ya milimani, nyumbani kwetu Mabatini ikiwemo, nilienda kuangalia. Kwenye ile ngazi ambayo baba alikuwa anapanda na ndoo sasa kuna bomba limepita pembeni limefunikwa zege, watoto wanalikalia. Mi nilisimama pale nikashindwa kuongea. Mlima unaotesa kila kitu unasaidia hapo tu: kila kitu kinateremka chenyewe, huhitaji pampu.

Lakini laini nyembamba ina masharti. Ukitupa pampasi, pedi, mawigi, maganda, mifupa ya samaki, inaziba, na ikiziba juu inafurika kwa jirani wa chini. Na inataka maji. Choo cha kumwagia kikombe kimoja hakisukumi kitu mpaka mwisho wa bomba. Halafu ukitoka mtaa wenye laini ukavuka jiwe moja unakuta mtaa hauna, na nyumba yenye laini mlangoni kwake haijaungwa kwa sababu ya hela ya kujenga choo cha kumwagia maji ndani ya nyumba ya kupanga. Mwenye nyumba yuko mbali, mpangaji hataki kumjengea mtu choo. Pale ndo kuna mgogoro hasa na sioni ukiongelewa, kila mtu anaongelea kilomita za bomba.

Kuna hesabu nyingine naomba tuifanye wote. Chanzo kipya cha maji cha Butimba kimejengwa cha kuzalisha lita milioni 48 kwa siku. Tulishangilia na tulikuwa na haki, mama zetu wameamka saa tisa usiku miaka mingapi kusubiri bomba? Ila maji yakishaingia nyumbani lazima yatoke. Wahandisi huwa wanapigia hesabu kwamba kama asilimia 80 ya maji yanayoingia nyumbani yanatoka kama majitaka, ya kuoshea vyombo, kuogea, kufulia, chooni. Piga hiyo asilimia kwenye milioni 48 uone. Sasa yale yanaenda wapi kama nyumba haina laini? Kwenye karo. Na karo likijaa? Mtaa ambao zamani ulikuwa na ndoo mbili kwa siku ulikuwa na shimo linalodumu miaka, ukiuwekea bomba la ndani shimo lile lile linajaa kwa miezi. Bomba la kuleta limetangulia, la kuondoa linafuata kwa nyuma sana, na ile nafasi ya katikati ndo dimbwi.

Watu wengi wanajipa moyo kwamba ziwa ni kubwa, litameza. Ni kubwa kweli, kilomita za mraba karibu 69,000. Lakini ziwa letu ni kama sahani, wastani wa kina chake ni mita 40 tu, na lina mlango mmoja wa kutokea, Nile, kule Jinja. Sehemu kubwa ya maji yake inaondoka kwa kukaushwa na jua. Jua likichukua maji halichukui mavi wala sabuni. Vinabaki. Na sisi hata hatuko kwenye ziwa lenyewe la wazi, tuko kwenye ghuba, mkono mwembamba umeingia nchi kavu, maji yanazunguka taratibu. Ndo maana ikifika miezi fulani unaona maji ya pembeni yamekuwa kijani kama uji wa mboga na magugu maji yamenona majani mpaka yanang'aa. Yale magugu yanakula mbolea, na sehemu ya hiyo mbolea sisi ndo tunayateremshia.

Niongee na kuhusu magonjwa lakini kwa kifupi, maana kipindupindu kila mtu anakijua, kilichoanza Dar Agosti 2015 kilizunguka nchi nzima na sisi kikatufikia, na mwanzoni mwa 2024 tukakipata tena. Kinachonisumbua zaidi ni kile kisichopiga kelele. Kichocho. Kule kwetu shuleni tulikuwa tunapangwa mstari, tunapimwa urefu kwa fimbo yenye alama, urefu wako ndo unaonyesha umeze vidonge vingapi, unakunywa uji kwanza usitapike. Nilimeza nikarudi ziwani kuoga jioni ile ile, nani aliniambia? Yai la yule mdudu linatoka na kinyesi cha mtu, likifika kwenye maji linaanguliwa, linamtafuta konokono, linakaa ndani ya konokono linazaliana, halafu vinatoka vidudu vingine ambavyo vinapenya ngozi yako ukiwa umesimama tu unafua. Kwa hiyo vidonge ni vizuri, tuendelee kumeza, ila kila mwaka tunawapa watoto dawa halafu kila mvua tunarudisha mayai ziwani.

Na mbu. Hapa kuna kosa moja watu wanalifanya sana. Wanaona mtaro mweusi unanuka wanasema hapa ndo malaria inatoka. Mbu wa mtaro mweusi na wa makaro ni wengine, hao wanaovuma sikioni usiku wanakunyima usingizi, mgeni wako anaamka ana vipele. Wa malaria anapenda maji yaliyotulia lakini masafi masafi, yanayopigwa jua, kama lile dimbwi la alama ya tairi la daladala mbele ya geti ambalo unaliona halina shida. Yote mawili tunayo. Nilisoma kwamba kule Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980 walimwaga chembe za foam kwenye vyoo vya shimo zikafunika maji, mbu wakakosa pa kutagia, ikafanya kazi vizuri. Nikapata wazo, maana maboksi ya foam ya samaki huku Mwanza yamejaa. Fundi akanikataza. Akasema dada, karo lako linafurika, hizo chembe zote zitaishia ziwani, sato atazila na wewe utamkaanga. Nikaacha.

Tulichofanya kwangu kilichukua wiki tano na kilinimaliza. Nilifunga gesti. Tulinyonya lile karo, tukalivunja, tukaweka tenki lililofungwa kabisa lisilovuja hata tone. Nilidhani unachimba unaweka unafukia. Kumbe tenki tupu ukiliweka kwenye ardhi yenye maji linaibuka lenyewe kama mtumbwi, maji ya chini yanalisukuma. Ikabidi imwagwe sahani ya zege chini na lifungwe kwa mikanda ya chuma. Siku ya kumwaga zege tulikuwa tunashindana na maji, vijana wawili wanachota kwa ndoo, pampu ya kukodi inakohoa, fundi amesimama shimoni maji yamemfika magotini anasema mwageni, mwageni, msisimame.

Tenki lililofungwa maana yake linanyonywa mara kwa mara, na kila tripu moja ni hela ambayo kule Mabatini inalipa kodi ya chumba miezi miwili. Mi naiweka kwenye bei ya chumba. Yule mama wa kufua aiweke wapi?

Halafu kuna hili la magari yenyewe. Nilikuwa nasikia kwamba kuna baadhi ya madereva, sisemi wote na wala simtaji mtu, wakishalipwa hawafiki kunakotakiwa, wanamwaga usiku kwenye mtaro. Kwa hiyo tripu ya kwanza nilipanda bodaboda nikalifuata gari. Dereva aliniona kwenye kioo, akasimama, akashuka, akaniuliza mama kuna shida? Nikamwambia hamna shida baba, nataka tu kuona yanapofika. Alicheka akasema twende. Tukaenda mpaka kwenye mabwawa ya kutibu majitaka upande wa Ilemela.

Natamani kila mtoto wa shule Mwanza apelekwe pale. Bwawa la kwanza ni jeusi, linatoa mapovu, uchafu mzito unatulia chini na wadudu wasiohitaji hewa wanautafuna. Linalofuata ni kijani kwa sababu ya mwani, ule mwani unatengeneza oksijeni mchana, bakteria wanaitumia kumalizia uchafu. La mwisho halina kina, jua linaingia mpaka chini linaua vimelea. Hamna mashine wala kemikali ya ajabu, ni muda, jua na nafasi. Yangeyange weupe walikuwa wamesimama kwenye kingo. Nilikaa pale karibu saa nzima nikiangalia maji yaliyosimama yanayofanya kazi, nikawaza yale yaliyosimama mlangoni kwangu miaka yote, kumbe tofauti ni kwamba haya kuna mtu aliyapangia njia.

Baada ya hapo nikarudi kilimani peke yangu, bila mwenyekiti. Nilimkuta yule mama. Mwangaluka mayu, nikamsalimia, akacheka kusikia Kisukuma changu cha mjini. Nikamwambia mama siku ile nilikuja kukusema na kumbe choo changu ndo kilikuwa kinavuja. Akaniangalia muda, akanisogezea kigoda. Tuliongea mpaka jua likapanda. Alinionyesha shimo, kweli futi tatu na kitu, jiwe linaonekana ukimulika tochi. Alisema akipata laini ya kupita hapa hata kesho ataunga, atachangia kidogo kidogo, shida mwenye nyumba hapokei simu. Nimeongea na wenzangu watano wa biashara za ufukweni, tuchange, tukishirikiana na mtaa, tuanze na nyumba kumi zilizo juu ya mtaro wetu. Wawili wamekubali. Mmoja aliniambia kwa nini nimjengee mtu choo. Nikamwambia kwa sababu unauza samaki chini yake. Hajajibu bado.

Wiki iliyopita mvua ya kwanza kubwa ya vuli imeshuka. Niliamka saa nane usiku, bati linapiga kelele kama ile ya Mabatini, nikachukua tochi na mwavuli nikatoka kwenda kuangalia chemba. Nikainua mfuniko. Maji yametulia chini kabisa mahali pake. Nikazunguka nyuma kwenye ile kona ya dimbwi, nyasi zimelowa tu, maji ya mvua masafi yanapita yanaenda zake. Nikasimama pale kidogo nimefurahi kweli.

Halafu upepo ukageuka, harufu ikateremka kutoka juu kwenye mtaro, ile ninayoijua. Nikamulika tochi kilimani. Katikati ya mvua kulikuwa na taa moja ndogo inasogea taratibu nyuma ya nyumba, ikatulia, ikazimwa.

Nikazima na yangu.